Muda Ambao Kiwanda Hakikuwa Nao

Katika magari yote ya misuli yaliyotoka Marekani miaka ya 1960, hakuna linalompima fundi kama Pontiac GTO ya 1966 yenye paa la kukunja. Ya modeli ya mwaka huo yaliuzwa magari 96,946, na 12,798 kati yake ndiyo yaliyokuwa na paa la aina hiyo. Yaliyosalia leo yanatamaniwa kwa sura na kwa mngurumo wake. Mimi nayapenda kwa sababu ya kazi inayohitajika kuyarudisha katika hali yake ya kwanza, kazi isiyofanyika kwa pupa.

GTO ilianza kama ujanja. Wahandisi wa Pontiac, wakiwemo John DeLorean, Bill Collins na Russ Gee, walichukua injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4 hivi, wakaipachika kwenye Tempest, gari la ukubwa wa kati. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imeweka kikomo cha injini ya inchi 330 kwa magari ya ukubwa huo, kwa hiyo katika modeli ya 1964 GTO iliuzwa kama nyongeza ya hiari, si kama gari jipya. Pontiac ilitarajia kuuza 5,000; ziliuzwa 32,450. Ilipofika 1966 GTO ilikuwa modeli inayojitegemea.

Sasa tuje kwenye paa. Katoni iliyofungwa vizuri hubeba mzigo, lakini ukikata kifuniko chake kuta zinalegea na kitako kinapinda. Gari nalo ni hivyo hivyo. Likikosa paa la bati, kazi yote ya kuzuia bodi isijipinde inaangukia sakafu na chesisi. Wahandisi walilijua hilo, ndiyo maana mihimili ya pembeni ya chesisi ya gari la paa la kukunja ilizibwa pande zote nne, ilhali kwenye magari yenye paa la bati iliachwa wazi upande mmoja.

Kutu haikujali hesabu hizo. Majira ya baridi, barabara za Michigan na majimbo jirani humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari. Juu nako, paa lililochakaa huvujisha maji, yakatuama chini ya zulia. Baada ya miongo kadhaa sakafu, ambayo ndiyo tegemeo la gari zima, inakuwa imetobokatoboka.

Fundi mwenye haraka hukata sakafu hiyo mara moja. Bodi inazama katikati, nafasi ya mlango inabana kwa juu, na akishachomelea sakafu mpya katika hali hiyo, hakuna bawaba itakayomwokoa. Fundi anayeijua kazi huanza kwa kuchomelea vyuma vya muda, kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, na kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Hupima kwa mshazari, kona hadi kona, na haanzi kukata mpaka vipimo vikubaliane. Hukata kipande kimoja, akakibadilisha, ndipo akaendea kingine. Huchomelea kwa nukta fupi zilizoachana, akisubiri bati lipoe, maana joto likizidi bati hujikunja.

Kisha bodi hurudishwa juu ya chesisi, gari likiwa limesimama kwa matairi yake na kubeba uzito wake lenyewe. Kati ya bodi na chesisi kuna bushi za mpira, na penye bushi huongezwa vipande vyembamba vya chuma. Kipande kimoja tu kikiongezwa upande wa mbele, mwanya wa mlango unabadilika. Fundi hukaza bolti, hufunga mlango, huutazama mwanya kutoka juu hadi chini, hulegeza bolti, huongeza kipande kingine. Akiridhika, huinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuufungua mlango tena. Bodi dhaifu ikijipinda, mlango utabana. Bodi ikiwa imetengenezwa sawasawa, mlango utafunga kama kawaida. Hapo namvulia kofia, kwa sababu kazi yote iliyouwezesha mlango kufunga hivyo itafichwa na zulia.

Rangi nayo ina subira yake. Baada ya rangi ya msingi kukauka, fundi hupuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya bati lote. Huchukua ubao mrefu uliovikwa msasa akausugua kwa mshazari, kwenda na kurudi. Weusi hutoka palipoinuka na kubaki palipobonyea. Doa dogo likibaki kwenye ubavu, kazi inarudi nyuma: puti kidogo, rangi ya msingi, ukungu mweusi, msasa. Ubavu wa GTO ya 1966 hauna pa kuficha kosa, kwa kuwa unapanda taratibu juu ya gurudumu la nyuma, umbo ambalo Wamarekani walilifananisha na chupa ya Coca-Cola. Jua likiupiga, wimbi dogo tu kwenye bati linaonekana. Ndiyo maana fundi hamalizi kwa jicho. Hupitisha kiganja polepole juu ya bati, na kiganja humwambia ambacho jicho halijakiona.

Paa lenyewe huja mwishoni. Fundi wa kushona hufunga kwanza mikanda inayozishika mbavu za chuma mahali pake, ndipo atandaze vinaili, aweke alama kwa chaki, alegeze, avute kidogo kupita alama, kisha apige pini. Vinaili ikikazwa mno, paa halitafika kwenye ndoana zake juu ya kioo cha mbele. Ikilegea, itapigwapigwa na upepo safari nzima.

Hata injini ina unyeti wake. GTO yenye kabureta tatu, ile Tri-Power ya nguvu za farasi 360 ambayo 1966 ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho, hutembea kwa kabureta ya kati peke yake katika mwendo wa kawaida. Zile mbili za kando hufunguka dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu. Kuzifanya zipokeane bila injini kushtuka kunataka fundi mwenye sikio.

Pontiac ilifungwa mwaka 2010, kwa hiyo anayefanya kazi hii huuliza karatasi na chuma. Namba ya gari humjibu: 242 ni GTO, 67 ni paa la kukunja. Alama za chaki ya nta na vitone vya rangi vilivyoachwa na wakaguzi kiwandani huvipiga picha kabla ya kusafisha, kisha huvirudisha palepale. Jina lake mwenyewe haliandiki popote.

Wapo wanaolalamika kwamba milango ya gari lililofufuliwa hukaa vizuri kuliko ilivyokaa kiwandani, na kwamba huko ni kukosa uaminifu kwa gari lenyewe. Sikubaliani nao. Watu waliounda GTO hawakukosa ujuzi. Gari lilipita mbele yao kwenye mstari usiosimama, kila mmoja akiwa na dakika chache, na nyuma yake lilikuwa linakuja jingine. Walilenga mlango ufunge sawasawa, saa ikawawahi. Fundi wa leo hashindani nao. Anachukua kazi yao pale walipolazimika kuiachia, akaifikisha walikokuwa wanaipeleka. Huo nauita uaminifu, na miezi inayotumika kuutimiza haijapotea.