Herufi za Kiebrania na Hesabu Zake

Katika desturi ya Kiyahudi kila herufi ina thamani yake: alefu ni 1, bethi ni 2, yodi ni 10, na tau, herufi ya 22 na ya mwisho, ni 400. Ukijumlisha herufi za neno unapata hesabu, na neno jingine lenye jumla ileile huhesabiwa kuwa jamaa yake. Usomaji huu huitwa gematria. Siku hizi unasikika hata mimbarani, na wapo wapendwa wanaorudi nyumbani na hofu kwa sababu jina la mtu fulani “limetoka” 666. Hivyo yatupasa kuupima.

Tuanze na Mathayo. Anagawa vizazi vya Bwana wetu katika mafungu matatu ya 14, na mwenyewe anatuonyesha hesabu hiyo (1:17). Kwa Kiebrania jina Daudi lina dalethi, vavu na dalethi: 4, 6 na 4, yaani 14. Mpinzani atasema kwamba vitabu vya Mambo ya Nyakati huongeza yodi katika jina hilo, nayo jumla ikawa 24. Ni kweli. Lakini Mathayo amekwisha kumtaja Daudi katika mstari wa kwanza, na ukihesabu majina kuanzia Ibrahimu, Daudi ndiye wa 14. Hesabu inaitikia tu lile ambalo sura inasema waziwazi. Mtu asiyejua herufi hata moja hapotezi ujumbe.

Sasa tazama Mwanzo 14:14, Abramu na watu wake 318. Marabi waliona kwamba jina Eliezeri lina jumla ya 318, wakasema Abramu alitoka na mtumishi huyo mmoja. Mwandishi wa Waraka wa Barnaba, Mkristo wa zamani, alichukua hesabu hiyohiyo akaiandika kwa herufi za Kiyunani: tau ya 300 akaiona msalaba, na iota na eta za 18 akaziona mwanzo wa jina la Yesu. Nampenda kwa bidii yake, ila Mwanzo hakikuandikwa kwa Kiyunani! Na katika maandiko ya Kiebrania hesabu hiyo imeandikwa kwa maneno, si kwa herufi. Fumbo hilo amelileta yeye.

Kuhusu 666, wataalamu wengi huona jina la Kaisari Nero. Neroni Kesari kwa herufi za Kiebrania ni 306 na 360, jumla 666. Ukiondoa nuni ya mwisho, yenye thamani ya 50, inabaki 616, nayo nakala kadhaa za kale za Ufunuo zina hesabu hiyohiyo. Hoja ina nguvu, maana Yohana anamwalika msomaji ahesabu, na wasomaji wake waliishi chini ya makaisari. Ireneo, askofu wa Lyon, mnamo mwaka 180 hivi, aliijua 616 akaikataa. Akajaribu majina kadhaa yanayofikia 666, kisha akakataa kulitangaza lolote. Alisema wazi kwamba majina yenye jumla hiyo ni mengi.

Uvumilivu huo hatuuoni kwa wanaosambaza hesabu za leo. Wamechukua alfabeti ya Kiingereza, wakaipa A thamani ya 6, B 12, wakaendelea hivyo, hata neno “computer” likafika 666. Hesabu ni sahihi, nimeirudia mwenyewe. Lakini kwa kanuni hiyohiyo “kompyuta” ya Kiswahili ni 732, basi ni salama kwetu na hatari kwa Waingereza?

Anayetaka kuona herufi zikifanya kazi ndani ya Maandiko yenyewe asome Zaburi 119: herufi 22, kila moja na mistari minane inayoanza nayo, jumla 176. Tafsiri yetu haikuweza kuuhifadhi mpango huo. Hakuna jina la kutafuta humo. Ni mtu anayeisifu sheria ya Mungu kwa kila herufi aliyofundishwa, kutoka alefu mpaka tau.