641, namba iliyoangusha dai la Fermat

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, alitaja mfululizo wa namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambamo kila namba hupatikana kwa kuiondolea 1 ile iliyotangulia, kukizidisha kinachobaki kwa chenyewe, kisha kuongeza 1. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe, naye Fermat aliamini kwamba mfululizo wote ungekuwa hivyo, ingawa hakuwa na uthibitisho. Namba ya sita ni 4,294,967,297, sawa na 2³² + 1, na ndiyo ambayo Leonhard Euler, akiwa St Petersburg, alionyesha mwaka 1732 kuwa ni zao la 641 na 6,700,417.

Aliyetaka kuipima namba hiyo kwa kuigawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine angefika 641 kwenye jaribio la 116, lakini asingejua mapema kwamba angekomea hapo, kwa kuwa namba tasa zinazostahili kujaribiwa, zile zisizozidi kipeuo chake cha pili, ni zaidi ya 6,500. Njia ambayo Euler aliieleza baadaye huzipunguza mno. Tuseme namba tasa p inaigawanya 2³² + 1 bila baki: basi 2³² ikigawanywa kwa p hupungukiwa na 1 tu ili igawanyike kamili, na 2⁶⁴, ambayo ni 2³² iliyozidishwa kwa yenyewe, huacha baki ya 1. Hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinacholeta baki hiyo, na kwa kuwa kipeo p − 1 nacho huileta, lazima 64 iigawanye p − 1. Kwa hiyo kila kigawo tasa huzidi kigawe fulani cha 64 kwa 1, na namba tasa za kwanza za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano linatosha.

Kanuni kwamba kipeo p − 1 huacha baki ya 1 ni ya Fermat mwenyewe, naye aliitamka mwaka huohuo wa 1640. Nyenzo ya kulivunja dai lake ilikuwa mkononi mwake, na hilo ndilo linaloshangaza zaidi katika habari hii kuliko ukubwa wa hesabu yenyewe.

Anayetaka kuhakiki bila kugawanya namba ya tarakimu kumi anaweza kutumia sifa mbili za 641. Kwanza, ni 5 × 2⁷ + 1, hivyo 5 × 2⁷ hupungukiwa na 1 ili igawanyike kwa 641, na ikipandishwa kwa kipeo cha 4 huacha baki ya 1, maana yake 641 huigawanya 5⁴ × 2²⁸ − 1. Pili, ni 5⁴ + 2⁴, nayo ikizidishwa kwa 2²⁸ hutoa 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Tofauti ya matokeo hayo mawili, ambayo yote hugawanyika kwa 641, ni 2³² + 1.