Gari la Majitaka Halitibu Udongo

Msimu wa masika ukishika Dar es Salaam, nyumba nyingi za maeneo ya chini kama Mikocheni na Msasani hupata shida ileile: choo hakishuki, uwanja unatota, harufu inatanda. Mwenye nyumba anaita gari la majitaka. Linanyonya, linaondoka, na baada ya siku chache maji yamerudi palepale. Anayechoka kulipa huishia kutapisha choo kwenye mtaro usiku wa mvua. Jiji lililopigwa na kipindupindu mwaka 2015 linajua uchafu huo unaishia wapi.

Gari hushughulikia kilichojaa. Kilichosababisha kujaa kinabaki ardhini.

Mfumo wa nyumbani una sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi la zege, mara nyingi la vyumba viwili. Humo uchafu mzito unazama na kuwa tope, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanatoka kwa bomba la umbo la T ambalo mdomo wake uko chini ya utando wa mafuta. Ya pili ni shimo la kufyonza, ambalo kuta zake zimeachiwa matundu ili maji yaingie udongoni. Tangi linatenganisha, udongo unasafisha. Shimo likijaa, tuulize kwa nini udongo umekataa kunywa. Majibu makubwa ni matatu.

La kwanza ni kuziba. Majitaka yanapogusana na udongo, bakteria hujenga tabaka jeusi linaloteleza. Likiwa jembamba lina faida, kwani huchuja vijidudu. Lakini tope lisipoondolewa kwenye tangi kwa miaka mingi, au bomba la T likivunjika, uchafu na mafuta ya jikoni huvuka hadi shimoni. Tabaka linanenepa, udongo unafungwa.

La pili ni maji kuzidi uwezo wa shimo, na hapa hesabu inasema wazi. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 100, inamwaga lita 600 kwa siku. Shimo la duara la kipenyo cha mita 2, maji yakisimama kina cha mita 2, lina ukuta wa takriban mita za mraba 12.5. Sakafu haihesabiwi kwa sababu huziba mapema. Kila mita ya mraba inadaiwa lita 48 kwa siku. Mchanga hubeba hadi lita 50 hivi, tifutifu karibu 25, mfinyanzi chini ya 10. Shimo linalotosha kwenye mchanga halifiki hata robo ya mahitaji kwenye mfinyanzi, lakini mafundi wengi huchimba kipimo kimoja kila mtaa. Ongeza tangi la kuflashi linalovuja kimyakimya, ambalo laweza kupoteza mamia ya lita kwa siku, au maji ya paa yaliyoelekezwa kwenye chemba ya majitaka, na hata shimo zuri litashindwa.

La tatu ni maji ya ardhini. Masika yanapoyapandisha, yanaingia shimoni kutoka nje, na gari linakuwa linanyonya kisima.

Kuzitofautisha sababu hizi hakuhitaji mitambo. Fungua mfuniko wa tangi, lakini usiinamie wala mtu yeyote asiingie, kwani gesi zake zinaua. Maji yakiwa usawa wa kawaida na choo hakishuki, kizuizi kiko kati ya nyumba na tangi. Hiyo ni kazi ndogo ya fundi bomba. Yakiwa juu ya bomba la kutokea, kwa kawaida shimo limekwama. Likinyonywa, funga matumizi ya maji usiku kucha na upime kwa mti asubuhi. Maji yakiendelea kupanda bila mtu kuoga wala kufua, ni ya ardhini. Yakipanda siku za matumizi tu, udongo umeziba au shimo ni dogo. Kama tangi lako si la zege bali la plastiki, lisikaushwe kabisa wakati maji ya ardhini yako juu, maana yanaweza kuliinua na kung'oa mabomba.

Tiba ifuate jibu. Udongo ulioziba unahitaji kupumzika: ondoa tope, badilisha bomba la T, jenga shimo la pili na chemba ya kugawa maji, kisha mashimo yote mawili yatumike kwa zamu. Shimo likikauka kwa miezi kadhaa, hewa inaingia na tabaka linaoza lenyewe. Chumvi, mafuta ya taa na dawa za dukani hazifungui udongo uliofungwa.

Penye maji ya ardhini karibu, kuchimba zaidi ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa kinyesi kinapelekwa moja kwa moja kwenye maji ya visima. Panafaa mitaro ya kina kifupi yenye kokoto na mabomba yenye matundu. Mitaro miwili ya mita 10, maji yakisimama nusu mita, ina kuta za mita za mraba 20, kupita lile shimo letu, bila kuvuka kina cha mita moja. Iwe mbali na visima. Umbali unaopendekezwa sana ni mita 30. Na pale ambapo hata kina hicho kinagusa maji, tuta la mchanga lililoinuliwa juu ya ardhi ndilo linalobaki.

Anayejenga leo anaweza kuepuka yote haya: chimba tundu dogo pale shimo litakapokuwa, lijaze maji jioni ili udongo ulowe, kesho ujaze tena na upime yanashuka kwa kasi gani, kisha kasi hiyo ndiyo iamue ukubwa wa shimo. Wewe uliyekwishajenga, kabla hujaita gari mara ya pili, pima kwanza.