Orodha na Jedwali: Uhakiki wa Istilahi za Ukuta-Kinga

Waandishi wengi waelezao mambo ya kompyuta kwa Kiswahili huiita programu ichujayo mawasiliano ya mtandao "ukuta wa moto". Istilahi hii haifai. Ukuta wa moto ni ukuta uwakao, ilhali katika ujenzi hukusudiwa ukuta uzuiao moto usienee. "Ukuta-kinga" latosha. Hata hivyo, kosa hilo halimdhuru mtu. Lile ninalonuia kulijadili hapa lina madhara, nalo ni mazoea ya kutumia neno moja, "kundi", kwa vitu viwili visivyofanana.

Tuchukue mfano wa PF, ukuta-kinga wa mfumo wa OpenBSD uliotolewa mwaka 2001. Humo anwani zaweza kukusanywa kwa orodha, iandikwayo ndani ya kanuni yenyewe, au kwa jedwali, ambalo hupewa jina na kutajwa na kanuni. Kwa macho, yote mawili ni makundi. Kwa maana, sivyo. Programu inapoisoma orodha huipasua, ikatoa kanuni moja kwa kila kipengele. Jedwali hubaki kitu kimoja, na anwani ikilinganishwa nalo, kipengele finyu zaidi kiihusucho ndicho kiamuacho.

Tuseme msimamizi ataka kuziruhusu anwani zote za 10.4.0.0/16, ambazo ni 65,536, ila 10.4.7.9. Akiandika jedwali lenye vipengele hivyo viwili, cha pili kikiwa na alama ya ukanushi, atapata alichokusudia. Akiandika orodha, zitazaliwa kanuni mbili: ya kwanza yaruhusu 10.4.0.0/16 yote, ya pili yaruhusu kila anwani isiyokuwa 10.4.7.9. Ikikosekana kanuni nyingine ya kuzuia, dunia nzima imefunguliwa mlango, na hata yule aliyekatazwa apita kwa kanuni ya kwanza!

Mwanasarufi hatastaajabu. Ukimwambia bawabu, "Waingize watu wa nyumba hii ila Juma," umetoa amri moja, na "ila" yapunguza kundi lililotangulia. Ukimwambia, "Waingize watu wa nyumba hii, mwingize pia yeyote asiyekuwa Juma," umetoa amri mbili, na mwizi naye si Juma.

Huenda mtu akasema kwamba mafundi husoma vitabu vya Kiingereza, hivyo mjadala huu ni wa bure. Sikubaliani naye. Mwanafunzi hueleweshwa jambo kwa lugha aifikiriayo, na akifundishwa kwamba orodha na jedwali ni "makundi" tu, atafungua mlango huku akiamini kuwa ameufunga. Kwa hiyo napendekeza maneno hayo mawili yatenganishwe daima, na "kundi" libaki neno la jumla. Istilahi si pambo la lugha. Hapa ndiyo komeo la mlango.