Popobawa Sehemu ya Pili: Hofu Isiyodai Fedha Nyingi

Soko la filamu za Bongo lilituzoesha vibaya kuhusu "sehemu ya pili". Mara nyingi ilikuwa hadithi ile ile, imekatwa katikati ili mnunuzi atoe pesa mara mbili. Mwendelezo wa kweli ni kazi nyingine, na aliyeifanya vizuri ni Sam Raimi wa Marekani.

Filamu yake The Evil Dead ya mwaka 1981 iligharimu chini ya dola 400,000. Raimi hakuwa na fedha za kuunda pepo wa msituni, basi kamera yenyewe akaigeuza pepo: aliifunga kwenye ubao, watu wawili wakashika ncha huku na huku, wakakimbia nayo chini chini kati ya miti. Mtazamaji hamwoni pepo. Anaona kile ambacho pepo anakiona. Alipotengeneza Evil Dead II, iliyotoka 1987, hakuwa na haki ya kutumia picha za filamu ya kwanza, kwa hiyo alikipiga picha upya kisa cha mwanzo kwa dakika chache tu, akasonga mbele. Bajeti ilikuwa imepanda karibu mara kumi, lakini ile kamera ya mbio hakuiacha.

Pemba tuna kisa kinachofaa mbinu hiyo. Mwanzoni mwa 1995, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, hofu ya pepo aitwaye Popobawa ilizuka hapa, ikavuka hadi Unguja, ikafika Dar es Salaam. Watu walivihama vyumba vyao. Mikeka ikatandikwa nje, moto ukawashwa, wakubwa kwa watoto wakakesha bega kwa bega, maana ilisemwa pepo huyo humvamia mtu aliyelala ndani. Mwaka 2007 hofu hiyo ikazuka tena Dar es Salaam.

Kwa mwandishi wa skripti, masharti ya Popobawa ni hazina. Hana sura moja inayojulikana. Tena humwamuru aliyevamiwa awasimulie wenzake, asiposema atarudiwa. Sharti hilo peke yake linabeba filamu nzima: aliyenyamaza katika filamu ya kwanza ndiye mhusika mkuu wa ya pili. Hapo hapahitajiki kinyago wala ufundi wa kompyuta. Unahitaji ua, moto, majirani wanaotazamana, na mmoja kati yao anayejua kwamba hajasema. Fedha kidogo zilizopo ziende kwenye sauti: paa la makuti likikwaruzwa, mlango ukisukumwa taratibu, kisha kimya.

Jina la Popobawa linamkumbusha popo, na Kidike, hapa kisiwani, wapo popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani, mabawa yao yakitanuka hufika mita moja na nusu. Wapigwe picha, lakini wasifanywe maadui. Ni wala matunda, na uwindaji nusura uwamalize.

Tena lipo jambo ambalo filamu ya pili haina ruhusa ya kulikwepa. Mwaka ule wa 1995, huko Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliodhani yeye ndiye Popobawa. Kwangu mimi, kilele cha filamu ni pale: kamera iwe machoni mwa mtu huyo, umati ukimjia na mienge.

Anayetaka kuifanya kazi hii awaendee kwanza wazee waliokesha nje mwaka ule, awasikilize kabla hajakodi kamera.