"Hamisha" na "Kasoro" katika Mlinganyo wa Mstari

Katika ufundishaji wa hisabati kwa Kiswahili limezoeleka agizo moja ambalo twaona lafaa kuchunguzwa upya: "Hamishia upande wa pili, badili alama." Mwalimu hulitamka ubaoni, mfasiri hulinakili, mwanafunzi hulikariri. Hutolewa hasa pale mlinganyo wa mstari unapopangwa upya ili ufikie umbo la ax + by = c. Hoja yetu ni kwamba neno hamisha halielezi tendo linalofanyika, ilhali Kiswahili kinalo tayari neno la kulielezea.

Tutazame kwanza maana ya neno hilo kwa wasemaji wake. Katika Umwe, kata iliyomo Ikwiriri wilayani Rufiji, kuhamisha si neno geni. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 wakazi wa bonde la Rufiji walihamishwa wakapelekwa katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima mpunga, na mahindi ya mlau maji yakishapungua, wakiyalinda mazao kutoka juu ya madungu. Aliyehamishwa alibadili makazi. Hakugeuka kuwa kinyume chake mwenyewe. Basi mtoto wa Umwe akiambiwa kwamba 4x "imehamishwa", na papo hapo imegeuka kuwa hasi, ana haki ya kuuliza sababu. Neno alilopewa halimjibu.

Madhara yake si ya nadharia tu. Mpe mwanafunzi huyo 3x = 12. Akilitii agizo kama lilivyo, ataihamisha 3, atabadili alama, ataandika x = 12 − 3, na jibu lake litakuwa 9 badala ya 4. Twamsahihisha kwa wino mwekundu, nasi ndio tuliomfundisha sheria aliyoifuata kwa uaminifu.

Sasa tuchukue vipimo vya sokoni. Pishi moja ni vibaba vinne. Mtu ana vibaba 20 vya mchele. Amepima pishi x, na vibaba vilivyosalia ni y. Atasema: vilivyosalia ni ishirini kasoro mara nne ya pishi. Kwa alama: y = 20 − 4x. Neno kasoro hapa lina utajiri ambao wanaistilahi wameupuuza. Kwa msemaji wa Kiswahili kasoro ni upungufu wa hesabu, kama katika saa kumi kasorobo, na pia ni dosari ya kitu. Upande wa kulia una kasoro ya 4x. Tuifidie kwa kuongeza 4x, na kwa kuwa mlinganyo ni mizani, tuongeze 4x upande wa kushoto pia. Tunapata 4x + y = 20. Hakuna kilichohama. Kasoro imefidiwa, na pande zote mbili zimetendewa sawa.

Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9, aliliita tendo hilo al-jabr, yaani kuunga au kurudishia kilichopungua. Ndiko lilikotoka neno aljebra. Tendo la pili, la kuondoa kiasi kilicho sawa katika pande mbili, aliliita al-muqabala, na neno hilo tunalo: ni mkabala. Tumeipokea aljebra kwa njia ya Kiingereza na kuiona ngeni, kumbe nusu ya jina la kitabu chake imo vinywani mwetu siku zote.

Twapendekeza basi kufidia kwa tendo la kwanza na kuondoa pande zote kwa la pili. Neno hamisha liachwe.

Kuhusu jina la umbo lenyewe, wako wasemao umbo la kawaida. Hatukubaliani nao. Lililo la kawaida machoni mwa mwanafunzi ni y = mx + c, ambalo hukutana nalo kila achorapo grafu. Umbo sanifu ni bora zaidi, kwa kuwa sanifu hudokeza makubaliano. Kiunguja kiliteuliwa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu bila Kimvita wala Kiamu kuwa makosa; vivyo hivyo wako wanaoandika ax + by + c = 0, nao hawakukosea. Mfasiri na ataje mwanzoni mwa kitabu umbo alilolichagua, kisha asiliache njiani.

Penye sehemu, udhaifu wa hamisha huonekana wazi zaidi. Katika y = ¾x + 2 hatua ya kwanza ni kuzidisha pande zote kwa asili, yaani 4, tupate 4y = 3x + 8. Kisha tunaondoa 4y na 8 pande zote, na inabaki 3x − 4y = −8. Mwanafunzi anayejua kuhamisha tu hana la kuifanyia ile 4 iliyo chini ya mstari wa sehemu.