Baiti 216 Zilizomponza Mario

Nintendo walikosea. Kuipa kila amiibo, yaani sanamu yao ya kuchezea gemu, nafasi ya gemu moja tu ya kuandika data, kisha kumnyima mwenye sanamu njia halali ya kuweka nakala, ni uamuzi mbovu kuliko wowote uliofanywa katika sanamu zenye chipu ya NFC. Kila faili la .bin linalozunguka leo, na kila tegi tupu inayogeuzwa kuwa sanamu ya Link, chanzo chake ni hapo.

Mliocheza Super Smash Bros. ya Wii U tangu Novemba 2014 mnakijua kisa. Mario wako unamlea mwenyewe. Anapigana nawe, anaiga namna yako ya kukwepa na kushambulia, anapanda taratibu mpaka ngazi ya 50 ambako ndiko mwisho. Yote hayo yanaandikwa ndani ya sanamu, katika eneo la baiti 216. Machi 2015 ikaingia Mario Party 10, nayo inataka kuandika kwenye sanamu hiyohiyo. Skrini inakuarifu kwamba mna data ya gemu nyingine, uifute kwanza. Mtoto wa skuli anataka kucheza sasa hivi, na pengine anayecheza ni mdogo wake au binamu aliyekuja kutembea. Anakubali. Wiki nzima za mazoezi zimekwenda, na hakuna menyu yoyote ya kuzirudisha.

Majumbani kwetu sanamu moja huchezewa na ndugu watatu na watoto wa jirani. Mfumo huu ulibuniwa kwa mtoto mwenye rafu nzima ya sanamu, kila gemu na yake. Atakayenunua moja tu mtaani kwetu Mlandege, tena iliyopita mikono miwili kabla yake, hakufikiriwa hata kidogo.

Wanaowatetea Nintendo husema chipu ni ndogo. Haya, tuhesabu. Chipu ya amiibo, NTAG215, ina baiti 540, na za mtumiaji ni 504. Ndugu yake wa familia ileile, NTAG216, anampa mtumiaji 888. Tofauti ni 384: gemu ya pili ingekaa na nafasi ingebaki. Na hata kama bei ya chipu ndiyo iliyowabana, konsoli yenyewe ina hifadhi isiyolinganishwa na vibaiti hivyo. Wangeweza kuiweka data ya Smash pembeni, Mario Party ikaandika, kisha ukarudishiwa ya kwanza siku unayoitaka.

Linalonikera zaidi ni kwamba akiba ipo. Ingia kwenye mipangilio ya amiibo utaona chaguo la kurejesha sanamu ambayo data yake imeharibika. Maana yake konsoli huweka nakala yake yenyewe, kwa sababu wahandisi walijua fika kwamba sanamu ikinyanyuliwa wakati wa kuandika, data huharibika. Nakala ikatengenezwa, ikafungiwa, na mwenye mali hakupewa ufunguo.

Walinganishe na Ken Kutaragi wa Sony, aliyeibuni PlayStation. PlayStation ya mwaka 1994 ilikuwa na memori kadi ya kilobaiti 128, vyumba 15. Ukiiwasha bila diski, inakukuta skrini ya kunakili: kadi ya kushoto, kadi ya kulia, bonyeza, kazi imekwisha. Mwenzio akikwama kwenye gemu, unampelekea kadi yako anajinakilia. Miaka ishirini kabla ya amiibo, Sony waliona kwamba kilichohifadhiwa ni mali ya aliyecheza. Sijaona mtengenezaji wa sanamu aliyewafikia.

Turudi kwa Nintendo: usimbaji wanaoilindia data ya sanamu, AES pamoja na sahihi ya HMAC, ni kazi safi, sina neno nao. Ila funguo kuu ni zilezile kwa sanamu zote duniani, kwa hiyo zilipovuja mara moja zilivuja kwa zote. Programu za amiitool na TagMo zikafanya yaliyobaki: soma baiti zote, fungua usimbaji, weka UID (namba ya pekee) ya tegi mpya, piga sahihi upya, andika, funga kurasa. Anayenakili data mbichi bila kugusa UID anaambulia kukataliwa, kwa kuwa UID huchomwa kiwandani na funguo hukokotolewa kutoka kwake. Hata nywila ya kuandikia inatokana na UID, ambayo simu yoyote yenye NFC inaisoma. Na kwa anayerudisha data yake kwenye sanamu yake ileile, usimbaji haumhusu kabisa: UID haijabadilika, nywila inakokotoleka.

Skylanders, sanamu za Activision, nao sijawasamehe. Crypto-1, usimbaji wa chipu ya MIFARE Classic, ulivunjwa hadharani mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, wakiwa mstari wa mbele, na mahakama ya Uholanzi ikakataa kuwazuia wasichapishe. Mwaka 2011 Activision wakatoa sanamu zao juu ya chipu hiyohiyo. Lakini Spyro wao alibeba ngazi na pesa zake kutoka Wii hadi PlayStation 3 bila kuulizwa, na hilo Nintendo hawakulifikia.

Kuuza tegi tupu kwa jina la sanamu halisi ni wizi, na anayefanya hivyo namwita mwizi. Kumwekea mtoto akiba ya Mario wake mwenyewe ni jambo jingine, na fundi yeyote wa simu Mlandege mwenye Android yenye NFC anaweza kulifanya. Mzazi, ukinunua amiibo iliyotumika, usiitumie kwenye gemu ya pili kabla fundi hajaisoma na kukukabidhi faili lake.